Pilau ya watu arobaini, wakaja kumi na mmoja

Juzi dada mmoja wa Mtwapa kanitumia mesej, anauliza, "Dada, jumuiya yetu mwakani twataka Majilio tuwe tunasali na kula pamoja, nyinyi mlifanyaje mpaka watu wakaja?" Majilio ni zile wiki za kungoja Noeli, Jumapili nne, na jumuiya ni sie Wakatoliki wa mtaa mmoja tunaosali pamoja majumbani. Nikacheka peke yangu ndani ya matatu. Maana angeniuliza mwaka jana ningemwambia achana nayo dadangu, nenda kalale.

Wacha nianze na hiyo ya mwaka jana, ndiyo yenye mafunzo.

Jumamosi tarehe 21 Disemba 2024, kesho yake ni Jumapili ya nne ya Majilio, nikaamua kuipikia jumuiya nzima. Sikutumwa na mtu. Mchele kilo sita, nyama kilo tano, vitunguu nimemenya mpaka macho yamevimba, bizari nyembamba nimeitwanga mwenyewe kwa kinu maana ya paketi siiamini, viti vya plastiki nikakodi thelathini, na sufuria kubwa nikaazima kwa mama jirani, Muislamu, mwenye masufuria ya harusi. Mchango tulisema mia mbili kila nyumba, zikatoa nyumba sita, zilizobaki nikafunika na pesa yangu na mzee wa nyumba hajui mpaka leo (sasa atajua). Nimealika watu arobaini. Saa moja usiku nahesabu vichwa, kumi na mmoja, na watatu ni wanangu mwenyewe.

Sasa jamani, Mombasa tarehe 21 Disemba nani yuko nyumbani? Shule zimefungwa, nusu ya jumuiya wako kwenye basi wanaenda Kitui na Kisumu na Taita, na waliobaki wanafanya kazi hoteli, na hoteli mwezi huo wageni wamejaa, off huipati hata ukilia. Na mie mwenyewe nimefanya kazi hoteli miaka minne! Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimeshaiona picha yangu kichwani, meza ndefu, watu wananisifu, basi akili ikalala.

Kilichoniuma si pilau. Wiki iliyofuata nikasikia kuna mwenzetu kasema ule haukuwa upendo, ilikuwa kampeni, natafuta uenyekiti. Mie! Uenyekiti wa kukimbizana na watu kwa mia mbili mbili na kugombana kwenye grupu ya wasapu? Nililia, sifichi. Miezi miwili nilikuwa nakwenda misa nakaa nyuma na natoka kabla ya matangazo. Nimeshasamehe. Karibu.

Basi usiku ule pilau tukaigawa nyumba kwa nyumba, na sufuria ya mama jirani nikairudisha na pilau ndani, maana Mombasa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akaniangalia, akaniambia, "Mwenzangu, we unawapikia watu wako kama wageni. Ramadhani huoni sie? Huyu kaleta mkate wa sinia, yule viazi vya rojo, mie tambi zangu, na aliyeleta haendi mbali, anangoja aone chake kimeliwa."

Hilo neno nilikaa nalo mwaka mzima. Anangoja aone chake kimeliwa.

Mwaka huu kwenye kikao cha jumuiya nikasema kidogo tu, nikakaa kimya (wanaonijua wanajua hiyo ni kazi). Tukakubaliana Jumamosi nne, nyumba nne tofauti, na kila nyumba ije na kitu kimoja, hata kama ni limau za kachumbari. Tukaanza tarehe 29 Novemba, maana Majilio huanza Jumapili iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, na mwaka huu ikaangukia hapo hapo. Dadangu wa Mtwapa, ushauri wangu wa kwanza ndio huo, nguvu yako iweke wiki mbili za mwanzo kabla watu hawajakata tikiti. Wiki ya nne sie tulikuwa tisa, na hatukuhuzunika kwa sababu chakula kilikuwa cha watu tisa.

Pilau nimeipiga marufuku. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi, mkate wa sinia, siku moja muhogo na samaki wa kukaanga. Mbaazi za watu wengi ziloweke usiku kucha, uchemshe na tui jepesi, tui zito liingie mwisho kabisa. Kuna nyumba ilitia tui zito mwanzo likakatika, tukala hivyo hivyo na hakuna aliyesema kitu, na mie ndio nilikuwa na hamu ya kusema.

Taji la Majilio tulisuka kwa matawi ya mvinje, na sie wa Bamburi mvinje si shida, ndio miti waliyopanda kwenye yale machimbo ya simiti mpaka yakawa msitu. Mishumaa ya zambarau hatukupata, tukachukua ile myeupe ya dukani tukaifunga utepe, mitatu zambarau na mmoja pinki wa Jumapili ya tatu, ya furaha. Shida ni feni. Ukiwasha feni mshumaa unazimika, ukizima feni watu wanayeyuka kabla ya mshumaa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini minne, katekista akatueleza kwamba taji lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini na kila siku wanamsumbua Noeli lini, Noeli lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Kumbe Wakatoliki tuliazima, kama mie na ile sufuria.

Sala itangulie chakula. Hili sibishani na mtu. Ukitanguliza sahani, sala itabaki ya wazee wawili na paka. Sie ilikuwa mshumaa, wimbo mmoja, injili ya kesho yake, maombi, nusu saa imekwisha. Wiki ya pili ilikuwa Mathayo 3, Yohane Mbatizaji anakula nzige na asali ya mwitu, watoto wakaanza kukagua masufuria kama kuna nzige.

Na tafadhali, nyimbo za Noeli ziacheni mpaka Noeli. Supamaketi zimeanza kuzipiga tangu Novemba, nasi tunafuata. Padri amevaa zambarau, wimbo wa Utukufu hatuimbi Jumapili hizo, kwa nini? Kwa sababu tunangoja! Na kungoja siku hizi hatuwezi, tunataka kila kitu leo, tunataka sikukuu bila mkesha, tunataka watu waje kwetu na sie hatujawahi kukanyaga kwao. Wewe unayesoma, jirani wa jumuiya yako anayekaa chumba kimoja, umewahi kukaa kwenye kitanda chake ukala mahamri? Sie wiki ya tatu tulikaa kitandani, kwenye ndoo, mlangoni, wengine nje kwenye ngazi.

Siku hiyo hiyo, 13 Disemba, ndipo alipokuja yule mwenzetu wa "kampeni". Kaja kachelewa, ameshika bakuli la viazi karai, ameliweka pamoja na vingine, halafu akasimama pale mlangoni hakai, anaangalia bakuli. Nikaelewa. Nikaenda nikachukua kimoja, nikarudi, nikachukua kingine, nilikula vinne nikiwa nimesimama karibu yake.

Chumvi ilizidi. Hilo sikumwambia.