ECG inaweza kusema msuli wa moyo umeumia kiasi gani?

Umeuliza kama ECG (kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi) inaonyesha msuli umeharibika kiasi gani mtu akipata shambulio la moyo. Inaonyesha, ila ni kukadiria tu. Cha kwanza wanaangalia kipande cha ST, kale kamstari kati ya QRS (ule mchoro mrefu wenye ncha wa kila pigo) na wimbi la T (kile kilima kinachofuata), kakipanda kwenye lidi mbili jirani (lidi ni kama pembe ambayo ECG inautazamia moyo) na mtu ana maumivu ya kifua basi mara nyingi mshipa umeziba na msuli unakufa saa hiyo hiyo, hapo hakuna kusubiri majibu ya damu. Lidi zinakuambia ni wapi, II, III na aVF ni chini ya moyo, V1 mpaka V4 ni mbele, na zikipanda nyingi kwa kawaida eneo nalo kubwa. Wimbi la Q (lile la kushuka chini mwanzoni mwa QRS) likichimbika na kutanuka kijumba kizima kidogo cha ile karatasi (sekunde 0.04) mara nyingi hilo ni kovu, msuli pale umeshakufa. Sasa wengi wanakosea hapa, ECG ya kwanza ikitoka safi wanadhani wamepona, kumbe inatakiwa irudiwe na troponini (protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia) ipimwe. Ukitaka ukubwa wa kovu wenyewe, hiyo ni MRI (picha ya sumaku) ya moyo.