Gilotini Kongwe, Bodi Mpya: Kisu Msikikabidhi kwa PLC ya Kawaida

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Mwanza. Gilotini yetu, yaani mashine ya kukatia karatasi, ni Polar 115 ya miaka ya 1980. Skrini yake imeanza kucheza, vipimo tulivyohifadhi vinafutika kila umeme ukikatika, na geji ya nyuma, ile inayosukuma karatasi hadi kwenye kipimo, inakosea hadi milimita 2. Fundi anasema tung'oe bodi zote, tufunge PLC (kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine) moja ya bei nafuu iendeshe kila kitu. Pia anataka kuliondoa pazia la mwanga (miale inayosimamisha kisu mkono ukiikatiza) lililo mbele ya kisu, kwa kuwa linasimamisha mashine ovyo. Je, tununue PLC ya aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, PLC nitaifikia. Lakini umelitaja pazia la mwanga kwa kupitia tu, na hilo ndilo lililonifanya niache kazi nyingine nikakujibu leo. Maombi ya namna hii napata kila mara, na karibu yote yana sentensi hiyo hiyo: "pazia linasumbua, fundi atalipiga jampa," yaani ataliruka kwa kipande cha waya.

Gilotini yako ina kazi mbili zinazokaa ndani ya kabati moja. Ya kwanza ni kupeleka geji ya nyuma kwenye kipimo. Ikikosea, umeharibu karatasi. Ya pili ni kuruhusu klampi inayobana karatasi, na kisu, kushuka. Ikikosea, mtu anapoteza mkono. Waliounda mashine hizi hawakuiachia kompyuta peke yake kazi ya pili. Vitufe viwili, pazia, klachi na breki vina njia yao, yenye rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zinazochungana. Fundi anayesema "PLC moja iendeshe kila kitu" anazichanganya kazi hizi mbili, na kosa hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika fani hii.

PLC ya kawaida ikifa haiahidi kufa imezima. Transista ya kutolea umeme ikiungua, mara nyingi hubaki imepitisha. Rilei nayo, mguso wake ukishikana kwa joto, hauachii hata ukizima amri. Niliitwa kwenye karakana moja ambako kontakta moja tu, yaani swichi kubwa ya umeme, ndiyo iliyobeba klachi ya kisu. Nilipoifungua, migusano miwili kati ya mitatu ilikuwa imeungana kama imechomelewa. Kijana wa pale alikuwa ameachia vitufe, akavuta bunda la majalada ya madaftari, na kisu kikashuka mara ya pili nyuma ya vidole vyake. Programu ya PLC haikuwa na kosa lolote. Skrini ilionyesha kisu kimezimwa.

Ndiyo maana upande wa kisu unataka rilei ya usalama yenye njia mbili, kontakta mbili zilizofuatana, na waya wa kurudisha habari ili moja ikishikana mashine ikatae mzunguko unaofuata. Vitufe viwili vibonyezwe ndani ya nusu sekunde, na vyote viachiwe kabla ya mkato mwingine. Programu ya kawaida haiwezi kubeba dhamana hiyo, hata aliyeiandika awe hodari kiasi gani.

Sasa pazia. Kwa kawaida linasimamisha mashine kwa sababu za kuaibisha: vumbi la karatasi kwenye vioo vyake, waya uliolegea kwenye kona, au nguzo moja imegongwa na toroli ikapinda. Chukua kitambaa laini, futa vioo, kaza viunganishi, linganisha nguzo. Likiwa limekufa kweli, nunua pazia la usalama la Tipu 4, daraja la juu kabisa. Masokoni kuna mapazia ya bei chee yanayofanana nalo kwa sura, lakini yaliundwa kuhesabu maboksi kwenye mkanda. Hayo usiyasogeze karibu na kisu.

Na pazia zima bila breki nzima ni pambo. Katika hesabu za usalama, mkono unachukuliwa kusafiri mita 2 kwa sekunde. Kisu kikichukua sekunde 0.15 kusimama baada ya mwanga kukatwa, mkono umeshaingia sentimita 30. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote kipya, pima muda wa kusimama. Breki ikiwa imelika, pesa ya kwanza iende huko.

Turudi kwenye geji. Milimita 2 zako huenda hazitokani na bodi kabisa. Peleka geji kwenye milimita 500, kata, pima kwa rula ya chuma. Ipeleke 100, irudishe 500, kata tena. Kosa likiwa lile lile kila mara, sehemu ya kuanzia imehama; isawazishe tu. Likiongezeka kadiri unavyozunguka, enkoda (kifaa kinachotoa mapigo ya umeme ili mizunguko ihesabiwe) inapoteza mapigo au kiungo chake kimelegea kwenye parafujo ndefu inayosogeza geji. Likibadilika kufuatana na upande geji inakotokea, nati ya parafujo imelika, na hapo hata ununue kompyuta ya ndege haitakusaidia.

Vipimo kufutika ni dalili ya betri ndogo iliyochomelewa kwenye bodi. Itoe leo, maana ikivuja majimaji yake hula njia za shaba. Skrini kucheza, anza na pawasaplai: kapasita za miaka ya 1980 zimekauka. Pima laini ya volti 5 mashine ikiwa inafanya kazi. Kazi hizi mbili ni za siku moja kwa fundi wa elektroniki, na mashine nyingi zilizoletwa kwangu kama "maiti" zilifufukia hapo.

Ukiamua kubadilisha bodi ya geji, PLC inafaa, kwa geji tu. Iwe na ingizo la kuhesabu kwa kasi. Parafujo ikisogeza milimita 10 kwa mzunguko, enkoda ikitoa mapigo 1,000 kwa mzunguko, na mota ikizunguka mara 10 kwa sekunde, hayo ni mapigo 10,000 kila sekunde. Ingizo la kawaida litayaruka, na utarudi kwenye milimita zako 2. Angalia pia volti: enkoda nyingi za zamani hutoa 5, PLC nyingi husubiri 24. Na programu ihakikishe geji inafika kwenye kipimo ikitokea upande mmoja siku zote.

Wenye viwanda wenzako wanaosoma hapa, jampa kwenye pazia haiokoi pesa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai wewe mwajiri, na fundi aliyepiga jampa, siku ya ajali hutamwona.

Kabla ya kumlipa yeyote, mwambie aijaribu mashine mbele yako kwa ufito wa mbao, kamwe si kwa mkono. Abonyeze kitufe kimoja, asubiri sekunde mbili, abonyeze cha pili: kisu kisitikisike. Ashikilie vyote: kikate mara moja tu. Apitishe ufito kwenye pazia kisu kikiwa njiani: kisimame hapo hapo. Kisha achomoe waya wa kontakta moja na arudie. Mashine ikikubali kukata, kazi haijaisha.