Jibu: "yacht" hutamkwaje?

Kaka, umeuliza kwa nini wageni unaowapokea Shela, kule Lamu, hukutaka urudie kila ukitaja "yacht", chombo cha starehe cha baharini, na kusema "yachiti". Hiyo ch imo kwenye maandishi tu, haitamkwi hata chembe. Neno lilitoka Uholanzi, "jacht", na huko ch husikika karibu na kh ya "kheri". Waingereza waliiacha sauti, herufi zikabaki.

Sema "yot", silabi moja. Y ni ile ya "yeye". O iwe fupi, taya lishuke zaidi kuliko unaposema "ona". Mmarekani husema karibu na "yaat". Nayo ni sahihi.

Penye kazi hasa ni t ya mwisho. Ulimi wetu umezoea kumalizia na irabu, ndiyo maana hutoka "yoti". Wala usitumie t ya "mato" (macho) ya Kiamu, lahaja ya Lamu, inayogusa meno: ncha ya ulimi ipande juu kidogo, kwenye ufizi nyuma ya meno, ikwame hapo. Shika koo kwa vidole. Likitetema baada ya t, umeongeza i. Vikiwa vyombo viwili, "yots", t na s zishikane.