Wa kumi na moja hapati kitu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama nchi ndogo, mfano Malta au San Marino, ina nafasi yoyote Eurovision, shindano la nyimbo kati ya nchi za Ulaya, ilhali majirani wanapeana kura wenyewe kwa wenyewe. Nafasi ipo, na uchache wa watu si kikwazo kama wengi wanavyodhani, kwa sababu hakuna nchi inayoruhusiwa kujipigia kura. San Marino ina watu wapatao 34,000. Simu zao hupitia mtandao wa Italia, kwa hiyo haina hata kura yake ya watazamaji. Waandaaji huikadiria kutokana na matokeo ya nchi nyingine. Pamoja na hayo imeingia fainali mwaka 2014, 2019, 2021 na 2025.

Kinachoziangusha nchi hizi ni aina ya wimbo zinaouchagua. Hapo hesabu ya pointi inahitaji kueleweka vizuri kuliko kitu kingine chochote. Katika kila nchi, watazamaji hutoa pointi kwa nyimbo kumi tu, na majaji wakiwepo nao hivyo hivyo: 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Wa kumi na moja hapati kitu. Sasa chukua wimbo ambao kila nchi imeuweka nafasi ya kumi na moja. Watu wengi wameusikiliza, hakuna aliyeuchukia, na unarudi nyumbani na sifuri. Wimbo mwingine umekataliwa na nusu ya nchi lakini umeshika nafasi ya tatu katika nchi nane: huo tayari una pointi 64, na pointi za kiasi hicho zinaweza kukuvusha nusu fainali. Ndiyo maana wimbo wa kumridhisha kila mtu ni hatari kubwa kwa nchi ambayo haina jamaa zake wengi ughaibuni wa kuuinua. Mwaka 2023 San Marino haikupata hata pointi moja kwenye nusu fainali, na Malta ilipata 3.

Mwaka huo ndio nusu fainali zilikabidhiwa watazamaji peke yao, na utaratibu huo ulidumu hadi 2025. Tofauti ya masikio ya majaji, yaani wataalamu wa muziki wa kila nchi, na ya watazamaji ilikuwa imeshaonekana mapema. Mwaka 2021 mwimbaji Destiny wa Malta alipata pointi 208 za majaji kwenye fainali, akawa wa tatu kwao, lakini watazamaji walimpa 47 tu, akamaliza wa saba. Mwaka 2025 Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, ilifanya kinyume kabisa: 98 za majaji, 258 za watazamaji, nafasi ya tatu. Kuanzia 2026 majaji wamerudishwa kwenye nusu fainali, kila nchi ina majaji saba badala ya watano, na kura ambazo mtu mmoja anaweza kupiga kwa kila njia ya malipo zimepunguzwa kutoka 20 hadi 10. Najua kuna wajumbe wa nchi wanaochagua wimbo watakaokimbilia tena wimbo wa taratibu wenye sauti kubwa mwishoni, eti majaji wanaupenda. Wasikimbie. Pointi za majaji nazo ni za kumi bora tu, na nyimbo za namna hiyo zikiwa nne kwenye usiku mmoja zinakulana.

Kwenye wimbo wenyewe, ukomo ni dakika tatu. Kosa la kawaida ni kutunga wa dakika nne kisha kuukata: ubeti wa pili unabaki kipande, na mwisho unafika kabla msikilizaji hajauzoea wimbo. Utungwe wa dakika tatu tangu mwanzo. Kiitikio cha kwanza kisipite sekunde ya 50. Kura zinapopigwa, televisheni hurudia kipande kifupi cha kila wimbo. Kama uzuri wa wimbo wako uko katika kupanda polepole, kipande hicho hakitamkumbusha mtu lolote. Kuwe na sekunde kumi ambazo mtu akizisikia mara ya pili anazitambua papo hapo.

Jukwaani wanaruhusiwa watu sita tu. Vyombo havipigwi moja kwa moja, vyote viko kwenye kanda, na tangu 2021 waitikiaji nao wanaweza kurekodiwa. Sauti inayoongoza lazima iwe hai. Nchi nyingi zimeitumia nafasi hiyo kuwaondoa waitikiaji na kuweka wacheza densi watano, ambao mwimbaji analazimika kwenda nao sambamba huku akiimba, na pumzi inamwishia. Kabla ya kukabidhi kanda, mwimbaji auimbe wimbo wote pamoja na miondoko yake mara tatu mfululizo bila kupumzika. Pale sauti inapotetereka mara ya tatu ndipo itakapotetereka mbele ya kamera. Dawa ni kumsimamisha mahali hapo, wacheza densi waendelee bila yeye, au kushusha kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, kwa nusu toni. Kanda ikishakabidhiwa, kii haishuki tena.

Mapambo makubwa nchi ndogo iyaache. Muda wa kubadilisha jukwaa kati ya nyimbo hauzidi dakika moja, na kitu kisichofungwa sawasawa kitaonekana. Fedha hizo zilipe mtu wa kupanga picha za kamera, maana mpiga kura anakuona kupitia lenzi.

Uchaguzi wa nyumbani nao una mtego. Katika nchi ambayo kila mtu anamfahamu kila mtu, kura ya ndani humpa ushindi aliyezoeleka. Wimbo usikike kwanza kwa wageni, mara moja tu, ukiwa katikati ya nyimbo nyingine kumi na tano, na wasiulizwe kama wameupenda, maana kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Waulizwe wangelipia kura ya wimbo upi. Ukijaribiwa hivyo katika nchi tatu na asipatikane hata mmoja wa kuutaja wa kwanza, tafuta mwingine ambao haukutolewa kabla ya tarehe 1 Septemba iliyopita, maana kanuni haziruhusu wa zamani zaidi, nawe uuwasilishe kabla mlango wa kupokea nyimbo haujafungwa mwezi Machi.