Kabla ya Kubishania Asilimia za Msitu

Hapa Kenya, ukiingia kwenye kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu misitu, utasikia takwimu mbili: 12.13 na 8.83. Zote ni sahihi, na zote zinatokana na tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021. Ya kwanza ni asilimia ya ardhi yenye miti, ikiwemo migrivilea na mikaratusi iliyo mashambani mwetu. Ya pili ni misitu tu, yaani eneo lisilopungua nusu hekta, miti yenye uwezo wa kufika mita 2, na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi.

Ibara ya 69 ya Katiba inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Miti, siyo msitu! Kwa hiyo lengo hilo limeshafikiwa kwenye karatasi, hata pale ambapo msitu wa asili unazidi kumegwa. Nimeona kikao kizima kikiishia hapo, wazee wa chama cha msitu wakilalamikia chemchemi inayokauka, nao wakijibiwa kwa asilimia.

Ushauri wangu: anza kwa kuuliza kilichohesabiwa. Uliza pia kuhusu ardhi iliyo tupu. Kwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, eneo lililovunwa miti likisubiri kupandwa upya bado ni msitu, hata kama leo hii linalimwa viazi. Usipouliza, hutajua.

Halafu njoo na takwimu zenu. Sisi hupima unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko, mpimaji husimama upande wa juu. Kila mti unaandikwa aina yake, tarehe na mahali ulipo. Ni kazi ya daftari na utepe, na vijana huishika haraka.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni miche. Serikali inalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032. Fomu nyingi nilizojaza zinataka idadi ya miche iliyopandwa, basi. Sasa mche uliokufa kiangazi cha kwanza unahesabika sawa na ulioshika, na anayemwagilia hana anachopata zaidi kuliko aliyepanda akaondoka. Mkiletewa fomu kama hiyo, ongezeni safu ya miche iliyo hai baada ya kiangazi, muijaze, na mbaki na nakala yenye muhuri.