Maswali na Majibu: Nyuma ya Jiko, Penye Sinki

Hoteli zimejaa wageni na barua zenu zimejaa mezani kwangu. Wiki hii nimechagua zile zinazomhusu stiwadi wa jikoni, yaani yule anayeosha vyombo, kusugua masufuria, kutoa taka na kupiga deki baada ya wapishi kuvua aproni zao. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu miaka minne, kisha nikaisimamia miaka tisa, Dar es Salaam na Zanzibar. Ninayoyajibu nimeyaona, na mengine yameniuma.

Shikamoo mwalimu. Niko Nungwi. Mashine yetu ya kuoshea vyombo haipashi maji moto tangu mwezi uliopita. Msimamizi anasema tuongeze sabuni. Je, inatosha?

Marahaba. Haitoshi hata kidogo, na msimamizi wako anahatarisha wageni na wafanyakazi wenzake. Kazi ya sabuni ni kung'oa mafuta na mabaki ya chakula. Vijidudu, katika mashine ya joto kama yenu, huuawa na suuzo la mwisho, ambalo maji yake yanapaswa kufika nyuzi 82 za Selsiasi. Kipimajoto kiko mbele ya mashine ili stiwadi akisome kila zamu na kuandika daftarini, na ninyi mmekaa mwezi mzima mkikitazama kikiwa chini.

Chanzo chake huenda nakijua. Maji ya visima vya upande wenu hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo huganda juu ya koili ya kupashia moto kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Koili ikishavaa ukoko, hutumia umeme mwingi na kutoa joto dogo, hadi inaungua kabisa. Mashine inayotumia maji ya namna hiyo inahitaji kuondolewa ukoko kwa ratiba, na kifaa cha kulainisha maji kinahitaji chumvi yake. Hoteli inayobana matumizi kwenye chumvi itakuja kununua koili.

Mpaka fundi afike, rudini kwenye sinki tatu. Kwanza kwangueni mabaki yote, kisha osheni kwa maji moto na sabuni katika sinki la kwanza, suuzeni kwa maji safi katika la pili, na katika la tatu zamisheni vyombo ama kwenye maji ya nyuzi 77 kwa sekunde 30 kwa kutumia kikapu, ama kwenye maji yenye klorini ya kiasi cha sehemu 50 hadi 100 kwa milioni kwa dakika 1 hivi. Ukitumia jiki ya asilimia 3.5, vijiko 2 vya mezani katika lita 10 za maji vitakufikisha karibu na 100, lakini hakikisha kwa karatasi ya kupimia, kwa sababu jiki iliyokaa juani hupoteza nguvu. Baada ya hapo acheni vyombo vikauke vyenyewe kwenye rafu. Nimesema vyenyewe. Kitambaa kimoja kinachofuta sahani mia mbili kinazipaka zote kile kilichokiokota kwenye sahani ya kwanza, na bado kila hoteli ninayoingia nakikuta kimetundikwa pale pale pembeni mwa sinki.

Kwa nini sufuria zetu za alumini zinageuka nyeusi?

Kwa sababu mnazipitisha kwenye mashine au mnazilowesha kwenye sabuni kali ya mashine, ambayo hula alumini. Zioshwe kwa mkono, kwa sabuni ya kawaida.

Habari za kazi, mwalimu. Niko Arusha. Juzi nilikuwa nasugua ukoko wa chokaa kwa asidi, nikaona hautoki, nikaongeza jiki. Ulitoka moshi wenye harufu kali, nikakohoa hadi usiku. Bado kifua kinabana. Ninywe maziwa?

Ndugu yangu, acha kusoma hapa na uende hospitali leo, kisha urudi kumalizia. Ulichovuta ni gesi ya klorini. Jiki ikikutana na asidi ya aina yoyote, iwe ya kuondolea ukoko, ya kusafishia choo au hata siki, hutoa gesi hiyo, na mapafu yanaweza kuzidi kuumia saa kadhaa baada ya mtu kudhani amepona. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Mwambie daktari ni kemikali gani mbili ulizichanganya, na ukiweza mpelekee picha za maandishi ya makopo yake. Likikukuta tena au likimkuta mwenzako, jambo la kwanza ni kutoka nje kwenye hewa, la pili ni kufungua milango na madirisha ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kurudi ndani ya gesi.

Sasa sikilizeni nyote, maana swali hili hunijia kwa sura mbalimbali kila mara. Kemikali za jikoni hazichanganywi, hata kama yule mwenzako wa zamu ya usiku amefanya hivyo miaka kumi. Kemikali haihamishiwi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu siku moja mtu mwenye kiu ataishika. Sabuni ya mashine ni kali kiasi cha kuchubua ngozi na kupofua jicho: unapoizimua, unatia sabuni kwenye maji, wala si maji kwenye sabuni, na ikikurukia jichoni unasafisha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Na wewe wa Arusha, ukishatibiwa, hakikisha ajali hiyo imeandikwa kazini. Kwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake bila kukatwa kwenye mshahara wako, na kifua chako kilichoumia kazini ni jambo linalouhusu. Mwajiri anayekuambia "usiandike, tutakupa nauli ya hospitali" anakunyima haki ambayo ameshailipia, au anaficha kwamba hajailipia.

Nafanya kazi hoteli moja Dar es Salaam, mwaka wa pili sasa, kama deiwaka, yaani kibarua wa kutwa. Naingia saa 8 mchana, natoka saa 7 usiku, siku 6 kwa wiki. Nikiuliza mkataba naambiwa deiwaka hana mkataba. Ni kweli?

Si kweli, na ningetamani jibu hili libandikwe kwenye mlango wa wafanyakazi wa kila hoteli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, mtu aliyemfanyia kazi mwingine kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Wewe unazimaliza saa hizo katika wiki moja. Jina la deiwaka ni la mlangoni kwa mlinzi, sheria hailitambui kama sababu ya kukunyima chochote.

Tufanye hesabu. Hata tukitoa saa 1 ya mapumziko ya chakula, ambayo ni haki ya mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unafanya saa 10 kwa siku na 60 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huo huo wa 2004, inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa 15 zinazobaki ni za ziada, zinazopaswa kulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na katika wiki 4 zinafika 60 wakati ukomo ni 50. Tena, saa zako za kuanzia saa 2 usiku zinastahili nyongeza ya asilimia 5 kwa kuwa ni kazi ya usiku. Likizo yako ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Usishangae kwamba hoteli inapenda uitwe deiwaka.

Kuhusu mkataba usioandikwa, mwajiri ndiye anayepaswa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Hilo halikuondolei wewe kazi ya kutunza kumbukumbu. Nunua daftari la shule, andika kila siku saa uliyoingia na saa uliyotoka, piga picha ratiba ya zamu ikibandikwa, na usifute ujumbe hata mmoja wa malipo kwenye simu. Ukifukuzwa, una siku 30 tu za kulifikisha suala la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine siku ni 60. Nimewaona watu wenye haki iliyo wazi wakifika siku ya arobaini wakiwa na machozi na bila sababu ya kisheria ya kuchelewa. Kabla ya hayo yote, zungumza na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, wakusaidie kuandika barua. Walio Zanzibar wafahamu kuwa wao wana Sheria yao ya Ajira Namba 11 ya 2005, hivyo wasinukuu vifungu vya Bara mbele ya ofisa wa kazi wa Unguja.

Kuna wakala ananitafutia viza ya kwenda London kuwa mwosha vyombo hotelini, anataka shilingi milioni 6. Ni wa kweli?

Ni tapeli. Viza ya Uingereza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ilianza Desemba 2020, na kazi ya kuosha vyombo jikoni haijawahi kuwamo katika orodha ya kazi zake. Nimeshaandika jambo hili hapa mara kadhaa, na bado barua hii hii inanifikia ikiwa imebadilishwa jina la mji na kiwango cha fedha, nyingine kutoka kwa watu ambao tayari wameuza shamba la mama. Tafadhali, soma kabla ya kulipa, wala usilipe kwanza ndipo uniulize.

Nafasi za kweli za mastiwadi nje ya nchi kwa watu wetu ziko zaidi nchi za Ghuba, na huko nako nenda macho wazi. Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyekupa malazi na chakula anapaswa kuongeza riyali 500 na 300. Mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Mkataba utakaousaini hapa nyumbani uwe ndio huo huo utakaoukuta kule, na wakala awe anatambuliwa na TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira, kwa Tanzania Bara, au na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwa Kenya.

Glasi ikivunjika ndani ya barafu, naweza kuokota vipande?

Hapana. Yeyusha barafu yote kwa maji moto, toa kila kitu, futa kwa mkono wenye glovu nene, kagua kwa tochi, ndipo ujaze upya. Na aliyechota barafu kwa glasi badala ya koleo ndiye aliyeanzisha tatizo.

Mimi ni dada wa miaka 22, nimekuwa stiwadi mwaka mmoja Mombasa. Wapishi wananiambia aliyeanzia sinkini hufia sinkini. Naweza kuwa mpishi?

Unaweza, dada. Wapishi wengi niliowafahamu walianza kwa kumenya viazi wakati masufuria yamelowekwa. Omba ruhusa ya kuja saa moja kabla ya zamu ukajifunze kukata mboga, lakini iwe ni kwa makubaliano yenye mwisho, isije ikawa kazi ya bure ya mwaka mzima. Kisha tafuta karatasi, yaani cheti: Chuo cha Utalii cha Kenya, Utalii College, kilianza mwaka 1975, na ndugu zako wa upande wa pili wa mpaka wana chuo cha ufundi cha VETA cha Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii.

Lakini nina ombi juu ya jibu lako. Usiondoke sinkini kwa sababu umeambiwa ni mahali pa aibu. Ali Sonko, mzaliwa wa Gambia, alikuwa mwosha vyombo wa mgahawa wa Noma wa Copenhagen tangu ulipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2010 wenzake walipokwenda London kupokea tuzo ya mgahawa bora duniani, yeye alikosa viza, wakapanda jukwaani wamevaa fulana zenye picha yake. Mwaka 2017 akafanywa mmoja wa wamiliki wa mgahawa huo. Hata bila bahati ya aina hiyo kuna ngazi ndani ya kazi yenyewe: mkuu wa stiwadi katika hoteli kubwa anasimamia watu, anaagiza kemikali, anahesabu vyombo vyote na kukaa kikao kimoja na mpishi mkuu. Watu wanaoijua vizuri nafasi hiyo ni wachache sana pwani yetu.

Nina hoteli ndogo Diani. Mastiwadi wananiacha kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Vijana wa siku hizi hawataki kazi. Nifanyeje?

Bwana, uliniandikia barua ndefu kuhusu tabia za vijana, na ndani yake sikuona mahali ulipotaja mshahara, glovu, wala mkataba. Ulitaja, kwa kupita tu, kwamba unawalipa kwa siku. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa kutwa aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi 1 hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua; ikiwa unawabadilisha kila mwezi ili usifike hapo, basi anayewafukuza ni wewe.

Fanya haya kabla ya kutafuta mtu mwingine. Wanunulie gambuti zisizoteleza na glovu ndefu za mpira, jozi mbili kwa kila mtu, ili moja ikauke. Weka mkeka wa mpira mbele ya sinki. Waamuru wapishi wako wasitumbukize visu kwenye maji ya sabuni na wasilete sufuria ya lita 50 ikiwa imejaa mchuzi mtu mmoja aibebe. Kama unagawa ada ya huduma, stiwadi apate sehemu yake sawa na mhudumu wa mezani, kwa maana sahani ile ile imepita mikononi mwa wote wawili. Na chakula cha wafanyakazi wapewe wakiwa wamekaa, kabla ya msongamano wa jioni, wasiachiwe kula mabaki saa 5 usiku wakiwa wamesimama na mikono imelowa. Niandikie tena baada ya miezi 3, uniambie ni wangapi wamebaki.