Ustawi wa wafanyakazi kwa bajeti ndogo: kwako unayeanza kazi hii Mtwara

Ukikabidhiwa ustawi wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, mawazo yatakimbilia vitu vya kununua: fulana za bonanza, mazoezi ya Jumamosi, mhamasishaji kutoka Dar. Viache kwanza. Hela kidogo uliyopewa ipeleke pale ambapo kazi yenyewe inamuumiza mtu. Hilo nawaambia wote wanaokuja kujifunza kwetu.

Anza na vidole. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mbanguaji anashinda nayo kutwa. Mtazame mama aliyefika katikati ya msimu: ncha za vidole zimekuwa nyeusi, ngozi inabanduka, na mchuzi ukiwa na ndimu anaomba kijiko ale ugali wake. Glavu zimejaa stoo, ila hazivai. Mgeni atasema ni ukaidi. Kaa naye, muulize taratibu. Atakwambia analipwa kwa kilo, glavu zilizoletwa ni za saizi ya wanaume, zinampwaya, korosho inamponyoka na kilo zinapungua. Hapo semina ya usalama itamsaidia nini? Agiza saizi ndogo, zikichanika mpe nyingine bila kumkata hela, weka mafuta ya kujipaka kabla ya kazi, na maji na sabuni viwe karibu na meza, visiwe nyuma ya ofisi. Tena Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo gharama yake usikubali iingizwe kwenye kifungu chako cha ustawi.

Baada ya vidole, mgongo. Wanaomenya na kuchagua madaraja hukaa kwenye benchi lisilo na egemeo tangu asubuhi. Fundi seremala wa mtaani, kwa mbao za mapaleti yaliyochakaa, anaweza kupandisha meza na kuongeza egemeo kwa gharama ya fulana chache tu.

Kuna mambo hayahitaji hata shilingi, yanahitaji msimamo wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60, na mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwenye viwanda vingi haya hupotea kimyakimya mzigo ukiwa mwingi. Kaa na msimamizi wa zamu mpange nani anatoka saa ngapi, mbandike ukutani. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, pangeni upya: kazi ya jikoni, pale korosho zinapopikwa kwa mvuke, ianze alfajiri kabla jua halijawa kali. Wengi wetu huku tunafunga, na joto la Mtwara unalijua.

Kwa upimaji, usikimbilie kliniki binafsi. Nenda kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, omba muuguzi aje na kipimo cha presha siku ambayo haina foleni kubwa kwao. Kupima VVU na matibabu ya kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Anayehitaji zaidi apewe rufaa, hospitali ya mkoa ya Ligula ipo hapa hapa mjini. Lakini lishike hili: majibu ni ya mtu na muuguzi wake. Bosi akiomba orodha ya wenye presha, kataa kwa adabu, mpe idadi tu. Jina moja likivuja, mara ijayo atakayejitokeza kupima ni wewe peke yako.

Chakula nacho. Watu wengi hufika hawajatia kitu mdomoni. Mwombe mwenye kiwanda vipande vidogo vya korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, vile vyenye bei ya chini kabisa, visagwe vitiwe kwenye uji wa saa nne. Tajiri hulikubali hili upesi kuliko ombi lolote la fedha taslimu. Na mshahara utoke tarehe iliyoahidiwa, kwa sababu mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hata umpime presha kila wiki haitashuka.

Kujua kama unafanikiwa, daftari la mahudhurio linatosha: hesabu siku za ugonjwa kwa kila kitengo, linganisha mwezi kwa mwezi.

Korosho ghafi zikikaribia kuisha na vibarua wa msimu wakijiandaa kurudi Newala au Tandahimba, mwite muuguzi kwa mara nyingine. Kila aliyeanzishiwa dawa za presha au kisukari aulizwe atazichukulia kituo gani kule kwao, na aandikiwe kwenye daftari lake la kliniki kabla hajapanda gari.